Stellenbosch au Franschhoek? Kikundi kimetutuma tukachungulie

Jumatano usiku

Nianze na hoja yenyewe maana ndo iliyotuleta huku. Kikundi chetu cha kinamama pale Dodoma, zamani tulikuwa tunakopeshana tu, siku hizi tunakopeshana na kutembea, sasa mwaka huu wamesema Zanzibar basi, Desemba twende Cape tukanywe waini kwenye mashamba yenyewe. Mashamba ya waini Afrika Kusini yako sehemu nyingi ila kwenye grupu zimebaki mbili zinazogombaniwa, Stellenbosch na Franschhoek, na watu wamegawanyika kama Simba na Yanga, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mwenyekiti akasikia baba Neema ana kikao cha kikazi Cape Town mwisho wa Februari akaniambia mama Neema si uongozane na mzee, mkachungulie halafu utuletee jibu moja. Nauli wametoa? Hawajatoa. Haya.

Wifi yangu naye kaunga msafara. Yeye ni mlokole, hagusi kilevi, na kusema ukweli tumempokea kwa mikono miwili maana dereva tumeshampata. Sheria ya huku kwa anayeendesha ni gramu 0.05 za pombe kwa mililita 100 za damu, yaani ukionja shamba mbili tatu umeshavuka. Barabara wanakaa kushoto kama kwetu, na viza Mtanzania wa matembezi hahitaji, hayo mawili niliyaandika kwenye grupu mapema ili watu waache kuogopa.

Tumepitia Johannesburg, tumetua Cape Town usiku, tukaita Uber. Dereva kutusikia tunabishana nani akae mbele akageuka, "Muko batu ya Tanzania?" Mkongo wa Bukavu bana! Safari nzima ni Kiswahili tu, chake kile na chetu hiki. Nikamuuliza ndugu, wewe unapeleka watu kila siku, kati ya hizi mbili ipi? Akacheka akasema "Stellenbosch njo ya banafunzi, Franschhoek njo ya batajiri." Baba Neema akasema basi kesi imeisha turudi nyumbani.

Tunalala Stellenbosch kwanza. Kilomita kama 30 na kitu kutoka eapoti, kwa hiyo kwa mtu anayefika usiku amechoka hii tayari ni pointi, Franschhoek ni mbele zaidi.

Alhamisi

Mzee kaenda kikaoni, mimi na wifi tumeuzunguka mji kwa miguu. Nilitegemea kijiji cha mashamba kumbe ni mji kweli kweli, una chuo kikuu katikati, vijana wamebeba mabegi, baiskeli, maduka ya kunakili karatasi, watu wana shughuli zao na hawana habari na mtalii. Ulianzishwa 1679 na gavana wa Kidachi anaitwa Simon van der Stel, na jina la mji ndo la kwake, mtu hakujinyima. Kwa ukongwe wa makazi ya wazungu Afrika Kusini unafuata baada ya Cape Town yenyewe.

Mtaa wa Dorp ndo wa kupiga picha, nyumba nyeupe za kale zimepangana, mifereji ya maji pembeni ya barabara na mialoni mikubwa inayotoa kivuli mtaa mzima. Hiyo mialoni ina kisa. Walipanda wakitegemea watapata mbao za mapipa ya waini kama Ulaya, sasa hali ya hewa ya Cape ikaikuza haraka mno, mbao zikawa na vitundu, pipa linavuja. Kwa hiyo mji umejaa mialoni na mapipa wanaagiza Ufaransa hadi leo. Wifi kasema angalau kivuli kimepatikana.

Halafu kuna stori ya pinotage, zabibu nyekundu ya waini iliyozaliwa hapa hapa, hii lazima niiandike yote kwa sababu ndo kitu kilichonifanya niipende Stellenbosch kabla sijaonja hata tone. Mwaka 1925 profesa wa chuo hapa hapa, Abraham Perold, alichanganya aina mbili za zabibu, pinot noir ambayo ni tamu lakini inadeka, na cinsault ambayo wenyewe wakiiita hermitage, hiyo inavumilia jua na inazaa. Akapata mbegu nne. Nne tu! Akazipanda kwenye bustani ya nyumba aliyopewa na chuo, halafu akahama kikazi akaziacha pale, bustani ikaota majani, chuo kikatuma watu wa kufyeka. Sasa ikatokea mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, anapita na baiskeli na alikuwa anajua kuna miche pale, akawahi akaiokoa. Waini zote za pinotage zinazouzwa duniani leo zimetokana na ile miche, na jina la pinotage lenyewe halikuandikwa kwenye chupa mpaka ile ya mavuno ya 1959 chini ya nembo ya Lanzerac. Mi nimekaa kwenye benchi pale chuoni nawaza, fyekeo lingefika nusu saa mapema.

Jioni mzee karudi, tumetoka kula. Migahawa imejaa, muziki, wanafunzi wanapiga kelele, saa nne usiku watu bado wako barabarani na bei zinavumilika maana mwanafunzi naye anatakiwa ale. Ila niseme na upande wa pili, ukitoka katikati kidogo kuna Kayamandi, mtaa wa watu weusi uliotengwa tangu enzi zile za ubaguzi, nyumba za mabati zimebanana juu ya kilima, unaiona vizuri tu kutoka barabara ya kwenda mashambani. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ijumaa

Leo ndo kazi. Gari la kukodi, wifi kwenye usukani na miwani yake ya jua, tumeshika barabara ya R44 kuelekea Paarl. Huku mwisho wa Februari ni katikati ya mavuno, yanaanza mwisho wa Januari mpaka Machi na zaidi, kwa hiyo matrekta yanapita na matela ya zabibu na kila ukiingia shambani kuna harufu ya zabibu zinazochacha, nzito, inakufuata mpaka ndani ya gari. Kikundi kijue kabisa kwamba Desemba hii hawataikuta. Desemba zabibu bado mbichi ngumu.

Tumeanza Kanonkop chini ya mlima Simonsberg. Jina limetokana na mzinga, zamani walikuwa wanapiga mzinga kilimani kuwaambia wakulima meli zimeingia bandarini Cape Town, basi wakulima wanapakia mboga na waini kwenye mikokoteni wanaenda kuuza. Pale pinotage ndo kwao. Wanakumiminia kidogo, unazungusha glasi, unanusa, unaonja, na kuna chombo cha kutemea ambacho baba Neema alikiangalia kwa dharau, kasema hajasafiri kutoka Dodoma kuja kutema. Ladha: mi nimepata matunda meusi na kitu kama moshi kwa mbali. Pinotage mbovu inajulikana kwa harufu ya mpira ulioungua, na nimeshawahi kukutana nayo kwenye chupa za bei rahisi, hii hapana, hii imetulia.

Kijana aliyetuhudumia ni Mzimbabwe. Wazimbabwe wako wengi sana kwenye hii kazi Cape na wengine wamekuwa wataalamu wakubwa, mwaka 2017 timu ya Wazimbabwe wanne ilienda Ufaransa kushindana kuonja waini bila kuona chupa. Nilipomwambia natoka sehemu yenye mizabibu akafikiri natania. Nikamweleza Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hatuna baridi ya kuulaza mzabibu, tunaulaza sisi wenyewe kwa kupunguza matawi, unachipua upya. Huku wao baridi inafanya hiyo kazi, wanavuna mara moja. Akaita mwenzake aje asikie. Nikamwambia zabibu ziliingizwa na wamisionari Wakatoliki pale Bihawana na sasa hivi mjomba wangu Hombolo ana ekari zake, shida yake ni soko tu, msimu ukifika zabibu ziko shambani na mnunuzi anajivuta. Jamaa akaguna, kasema hata huku mkulima mdogo analia hivyo hivyo.

Shamba la pili Simonsig. Hawa ndo waliotengeneza waini ya kwanza ya mapovu ya Afrika Kusini kwa njia ile ile ya Champagne, yaani inachacha mara ya pili ndani ya chupa yake, zabibu zilikuwa za 1971. Jina Champagne hawaruhusiwi, hilo ni la Wafaransa wenyewe, kwa hiyo huku inaitwa Cap Classique. Mwenye shamba enzi hizo, Frans Malan, alikuwa kaenda kutembea Ufaransa akaona kule wana njia maalumu ya kuwapitisha wageni shamba kwa shamba, kurudi akawashika jirani zake wawili, wa Delheim na wa Spier, wakaanzisha njia ya waini ya Stellenbosch 1971 hiyo hiyo. Hiyo ndo ya kwanza nchini, kwa hiyo hili jambo la kuzunguka mashamba unaonja hapa ndo lilipoanzia kwa Afrika Kusini.

Wifi kapewa juisi ya zabibu kwenye glasi ya waini na yeye akawa anazungusha na kunusa kama sisi. Kaulizwa umeonaje, kasema "ina sukari nyingi, Mungu awasamehe."

Kitu kimoja cha kitaalamu ambacho nakiandika kwa ajili ya wale wanaobishana grupuni bila kuelewa. Stellenbosch iko wazi upande wa bahari ya False Bay, mchana upepo unapanda kutoka huko unapoza mizabibu, na udongo wa miteremkoni ni wa mawe ya matale yaliyooza, unashika maji kiasi. Ndo maana cabernet ya hapa, waini nyekundu ile nzito, inasifika. Mashamba nayo yamesambaa, shamba mpaka shamba ni gari, bila dereva asiyekunywa umekwama. Shika hilo la dereva, litarudi.

Jumamosi

Tumehama. Kutoka Stellenbosch kwenda Franschhoek ni kilomita kama 30 tu kupitia mlima wa Helshoogte, na nimesema na narudia, kipande hiki cha barabara ni kizuri kuliko miji yote miwili. Unapanda, mizabibu kushoto kulia, halafu unafika juu bonde linafunguka mbele yako, milima imesimama mikavu ya rangi ya kijivu, mzee akanyamaza na yeye si mtu wa kunyamaza.

Ukishuka tu unakuta Pniel. Watu wengi wanapita moja kwa moja, sisi tulisimama kwa sababu wifi aliona kanisa jeupe akataka kuliona, na bora tulivyosimama. Hiki ni kijiji cha misheni kilichoanzishwa 1843 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Utumwa huku ulifutwa 1834 ila wakawashikilia miaka minne mingine wakiwaita wanagenzi, mpaka 1838. Na watumwa wenyewe walitoka wapi? India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, Msumbiji. Pwani yetu hii hii jamani. Nyumba zile nyeupe nzuri tulizopiga picha Stellenbosch na mashamba yale yote, ni mikono ya hao. Kuna kijumba cha makumbusho, mama mmoja wa pale akatusimulia kwa upole sana jinsi babu zake walivyopata viwanja. Akatueleza pia habari ya dop, vibarua wa mashambani walikuwa wanalipwa sehemu ya ujira kwa waini, asubuhi unapewa kikombe, mchana kikombe, jioni kikombe. Imepigwa marufuku lakini ulevi ulioachwa haukuondoka na sheria, na huu mkoa una kiwango kikubwa sana cha watoto waliozaliwa wameathirika na pombe ya mama, ni kati ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa duniani. Wifi hakusema "mnaona". Kwa jinsi ninavyomjua hiyo ni neema kubwa.

Mchana tukala pikiniki Boschendal, shamba la 1685, unapewa kikapu unakaa kwenye majani chini ya miti. Watoto wanakimbia, familia za rangi zote. Hapo nikaanza kuelewa kwa nini nusu ya kikundi wanaililia Franschhoek.

Mji wenyewe sasa. Ni barabara moja kuu, unaimaliza kwa miguu kabla hujachoka. Bonde limezungushiwa milima pande tatu. Waliokuja kukaa hapa 1688 ni Waprotestanti wa Ufaransa, Wahugenoti, waliokimbia baada ya mfalme Louis wa 14 kufuta 1685 ile amri iliyokuwa inawalinda kuabudu. Kampuni ya Wadachi iliyokuwa inatawala Cape enzi hizo ikawapa ardhi lakini ikawachanganya na Wadachi makusudi, shule Kidachi, kanisa Kidachi, vizazi viwili hivi Kifaransa kikafa. Kimebaki kwenye mabango ya mashamba tu, La Motte, La Provence, Chamonix, unasoma bango la Kifaransa halafu anayekufungulia geti anaongea Kiafrikana, kile kilichozaliwa na Kidachi. Mnara wao wa kumbukumbu uko mwisho wa barabara, ulizinduliwa 1948, mwaka ule ule ambao serikali ya ubaguzi iliingia madarakani, mi sikukaa sana.

Bei! Chakula cha jioni sehemu moja siitaji, sahani kubwa chakula kidole, baba Neema alimaliza akauliza mhudumu kama hicho kilikuwa ni cha kuonjea. Mkongo wa watu alisema. Na saa tatu usiku mji umelala, maduka yamefungwa, tukarudi gesti kucheza karata.

Jumapili

Siku ya tramu. Hii ndo silaha ya Franschhoek. Tangu 2012 wana tramu ya waini, unanunua tiketi asubuhi mjini, unachagua njia kwa rangi, kila rangi ina mashamba yake, kipande ni basi kipande ni tramu yenyewe ya ghorofa, pembeni wazi hakuna vioo, inapita kwenye reli ya zamani katikati ya mizabibu. Unashuka shambani, unaonja, unakula, inayofuata inapita unapanda tena. Hakuna wa kuendesha. Hakuna wa kumnyima mwenzake.

Mi nilikuwa nimejiandaa kuiponda, nilishaiita treni ya watoto grupuni. Lakini aisee ukikaa juu kule upepo unakupiga, milima hiyo, mtu wa pembeni usiyemjua anakuonyesha chupa aliyonunua, kuna kikundi cha kinamama wa Johannesburg wamevaa sare za vitenge wanaimba, wifi kaimba nao na hajui hata neno. Kufika shamba la tatu tramu nzima imeshakuwa ukoo.

Waini? Nzuri, siwezi kusema mbaya. Za mapovu wako vizuri mno, na kuna semillon, zabibu nyeupe ya kizamani ambayo zamani ilikuwa ndo imejaa Cape yote na hapa bado wana mizabibu iliyopandwa 1936, waini yake ina uzito fulani wa asali na limao. Nyekundu zao kwa mdomo wangu Stellenbosch wako juu. Na kuonja kwenyewe kunakwenda kwa saa ya tramu, ukikuta mhudumu mwenye maneno mazuri ndo kengele inalia, huwezi kukaa kuulizia udongo na mjomba wa Hombolo. Yule Mzimbabwe wa Ijumaa tulikaa naye mpaka tukasahau chakula.

Mzee kachagua Franschhoek. Wifi kachagua Pniel, nikamwambia haipo kwenye karatasi ya kura.

Jumatatu

Kurudi eapoti tumepita R301 kuelekea Paarl, na njiani upande mmoja liko gereza la Drakenstein, zamani Victor Verster. Ndo geti alilotoka Mandela kwa miguu tarehe 11 Februari 1990, ameshikana mkono na Winnie. Mwaka wake wa mwisho wa kifungo na miezi kadhaa juu alikuwa hapa, kwenye nyumba ndani ya uzio. Sanamu yake iko getini, ngumi juu. Ni gereza linalofanya kazi mpaka leo, askari yuko pale anakuangalia, unapiga picha yako unaondoka. Pembeni yake mizabibu inaendelea kama kawaida. Yeyote atakayekwenda Franschhoek asipofika hapa nitamlipisha faini ya kikundi.

Sasa tuko eapoti, ndege imechelewa, nimeandika jibu langu grupuni na nalibandika hapa kwa kumbukumbu maana najua kutakuwa na kesi:

"Kinamama, mimi kama mimi, nikipewa tiketi kesho narudi Stellenbosch. Waini zao zinanifaa zaidi, bei zinavumilika, usiku kuna maisha na kuna mambo ya kujifunza. Ila hii safari si yangu, ni ya kikundi. Kati yetu wanaojali pinotage ni mimi na katibu, wengine mnataka kukaa pamoja, kupiga picha, kunywa na kurudi salama, na kundi letu likigawanywa kwenye magari ya kukodi Stellenbosch nani atakubali kuwa dereva? Wifi yangu haendi mara ya pili, kashasema. Kwa hiyo napendekeza Franschhoek, tramu siku moja, Boschendal siku moja, Pniel na geti la Mandela ni lazima. Desemba ndo msimu wao wa watu wengi kwa hiyo vyumba tuweke mwezi huu huu. Nguo za jioni bebeni chache, mji unalala mapema. Katibu, mimi na wewe tutachomoka asubuhi moja kwenda Kanonkop, usiwaambie."

Kumbe nimetuma kwa wote. Katibu kaweka vicheko, mwenyekiti kauliza huko kwenye tramu nyama choma ipo au tubebe.